Hati ya Kukamilika kwa Kazi Mwezi Juni: Mhandisi Atie Sahihi Ipi?

Swali: "Nasimamia ujenzi wa zahanati katika halmashauri moja hapa Tanzania. Taarifa zetu zinasema mradi umefikia asilimia 85. Jengo limepauliwa na kupigwa plasta, lakini milango, mfumo wa maji, kichomea taka na shimo la kondo la nyuma bado. Mkurugenzi anataka nisaini hati ya kukamilika kwa kazi kabla ya Juni 30 ili fedha zote zilipwe zisirudi Hazina, kwa kuwa mkandarasi ameahidi kumaliza ifikapo Agosti. Nilipositasita, niliulizwa nina ushahidi gani kwamba hatamaliza. Majibu ya vipimo vya nguvu ya zege la mnara wa tenki la maji nayo hayajakamilika. Isitoshe, mwezi Machi mkandarasi huyo alinichangia katika harusi ya mdogo wangu. Kiongozi mwadilifu anaamuaje hapa, wakati kukataa kunaweza kuwanyima wananchi zahanati yao?"

Jibu:

Ndugu Mhandisi, usisaini hati ya kukamilika kwa kazi. Saini hati ya malipo ya kazi iliyopimwa na kuonekana, na wiki hii hii umpelekee Mkurugenzi barua yenye njia halali za kuzinusuru fedha zilizobaki. Hilo ndilo jibu langu. Yanayofuata ni sababu zake na namna ya kulitekeleza, kwa maana kukataa peke yake huchukua dakika moja, lakini kukataa kwa namna inayouacha mradi ukiwa hai na ofisi ikiendelea kufanya kazi pamoja kunahitaji maandalizi.

Tuanze na karatasi yenyewe. Katika ofisi nyingi hati ya kukamilika kwa kazi huchukuliwa kama kiambatisho tu cha kumwezesha mhasibu kulipa, na ndiyo maana kuisaini mapema huonekana jambo dogo. Fungua mkataba wako usome vifungu vinavyohusu hati hiyo. Katika mikataba ya kawaida ya ujenzi, siku inaposainiwa hutokea mambo manne kwa pamoja. Fidia ya ucheleweshaji huacha kuhesabiwa, hata kama mkandarasi bado yuko nyuma ya ratiba. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hudaiwa kurekebisha kasoro zinazojitokeza, huanza, na mara nyingi ni cha miezi 12, kwa hiyo sehemu yake italiwa wakati jengo lenyewe bado linajengwa. Sehemu ya fedha zilizokuwa zikizuiliwa katika kila malipo, ambazo kwa kawaida ni nusu yake, huwa haki ya mkandarasi kulipwa. Na jukumu la kulitunza jengo huhama kutoka kwake kuja kwenu. Upepo wa Julai ukiezua mabati, au nyaya zikiibwa usiku, hasara ni ya halmashauri, kwa kuwa wewe umeshuhudia kwa maandishi kwamba mmekabidhiwa jengo lililokamilika. Mkurugenzi anadhani anakuomba uharakishe malipo, kumbe anakuomba uivue halmashauri kinga zake zote kwa mkupuo, na inawezekana kabisa kwamba hajawahi kuelezwa hivyo. Mweleze.

Kisha kuna lile swali uliloulizwa, kwamba una ushahidi gani kuwa mkandarasi hatamaliza. Ningependa ulitafakari kuliko jambo jingine lolote katika barua yako, kwa sababu ni kwa swali la namna hiyo watu waadilifu na wenye akili nzuri huongozwa hadi kwenye uamuzi ambao hakuna hata mmoja wao angeuchukua akiwa peke yake. Mfano wake unaojulikana zaidi duniani ni wa usiku wa Januari 27, 1986, nchini Marekani, siku moja kabla ya kurushwa kwa chombo cha anga cha Challenger. Wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za kukisukuma chombo hicho, walikuwa na wasiwasi kwamba mipira inayoziba maungio ya roketi ingekakamaa kwa baridi na kuruhusu gesi ya moto kupenya. Utabiri ulionyesha kwamba joto la usiku huo lingeshuka chini ya kiwango cha maji kuganda, ilhali roketi hizo hazikuwa zimewahi kurushwa maungio yakiwa na baridi chini ya nyuzijoto 12 hivi za Selsiasi. Roger Boisjoly na wenzake walishauri urushaji uahirishwe. Katika mkutano wa simu, maofisa wa shirika la anga la NASA waliupinga ushauri huo, na wakuu wa Thiokol wakaomba faragha wajadiliane wenyewe. Humo ndani mmoja wa wakuu hao alimwambia makamu wa rais wa uhandisi, Robert Lund, avue kofia ya uhandisi na kuvaa ya uongozi. Waliporudi kwenye simu, ushauri ulikuwa umegeuka. Asubuhi yake chombo kilirushwa, na baada ya sekunde 73 kilisambaratika na watu wote 7 waliokuwamo wakafa.

Boisjoly na wenzake walieleza baadaye kwamba katika miradi yao ilizoeleka mhandisi kutakiwa kuthibitisha kuwa kurusha ni salama, na akishindwa, chombo hakirushwi. Usiku ule mzigo ulihamishwa, wakajikuta wanatakiwa kuthibitisha kwamba kurusha kungeleta maafa. Takwimu za kutosha kwa ajili ya hilo hawakuwa nazo, na kwa hali ya mambo wasingeweza kuwa nazo. Tume iliyoongozwa na William Rogers ilibaini, pamoja na hitilafu ya maungio, kwamba mchakato wenyewe wa kufanya uamuzi ulikuwa na kasoro. Wewe nawe umehamishiwa mzigo. Mkandarasi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba amemaliza, na ushahidi wake ni milango iliyofungwa na maji yanayotoka bombani. Wewe hudaiwi ushahidi wa Agosti, kwa sababu hati unayotakiwa kuisaini inazungumzia Juni. Swali hilo likirudi kikaoni, lijibu hivyo kwa upole, kisha urudishe mazungumzo kwenye vipimo.

Usiku ule alikuwapo pia mtu aliyekataa kusaini. Allan McDonald, aliyeiwakilisha Thiokol kwenye kituo cha kurushia chombo kule Florida, hakukubali kuweka sahihi yake, na hati ikasainiwa na mkubwa mwingine huko Utah na kutumwa kwa faksi. Baada ya kutoa ushahidi mbele ya tume alishushwa cheo, hadi Bunge la Marekani lilipoingilia kati, kisha akapewa jukumu la kuongoza usanifu mpya wa maungio yale. Nalitaja hili ili usidhani kwamba kukataa hakuna gharama. Gharama ipo, nami nitaizungumzia mbele.

Sasa hoja nzito kuliko zote, ile ya wananchi. Wanaokushinikiza si lazima wawe wezi. Wengi wao wanaitaka zahanati kwa dhati, wamewaona kina mama wakibebwa kwa pikipiki usiku, na wanaamini kwamba fedha zikirudi Hazina hazitaonekana tena. Hoja hii inastahili jibu la kweli, na jibu lake liko kwenye shimo la kondo. Mjamzito atakapojifungua katika zahanati iliyokamilika kwenye karatasi, mkunga atalipeleka wapi kondo la nyuma? Sindano na pamba zenye damu zitachomwa wapi? Maji ya kuoshea kitanda yatatoka wapi? Jengo lisilo na vitu hivyo haliwezi kutoa huduma ya uzazi kwa usalama, hata lipakwe rangi gani. Baya zaidi, ukishaandika kwamba mradi umekamilika, umeuondoa kwenye orodha ya miradi inayohitaji fedha. Mkandarasi asipomaliza Agosti, mwakani halmashauri itaombaje fedha za kumalizia kitu ambacho kumbukumbu zake zinasema kimekwisha? Majengo ya namna hiyo tunayafahamu, yamefungwa kwa kufuli, nyasi zimefika dirishani, na kwenye vitabu hayadai kitu. Anayeyaandika yamekamilika ndiye anayewanyima wananchi huduma, ingawa siku ya kusaini anaonekana ndiye mwenye kuwahurumia.

Kuhusu mnara wa tenki sina mengi ya kukwambia usiyoyajua, ila kwa jambo hili nitakuwa mkali. Zege hupimwa nguvu siku ya 7 na siku ya 28 baada ya kumwagwa, na kyubu (kipande cha zege cha kupimia) ya siku ya 7 hutarajiwa kuonyesha takriban theluthi mbili ya nguvu ya mwisho, jambo linalotupa dalili tu. Kama zege lako lilimwagwa Juni, siku 28 zitatimia Julai, na hakuna kikao chochote kinachoweza kuzifupisha. Tenki la lita 5,000 likijaa maji lina uzito wa tani 5, bila kuhesabu tenki lenyewe, na litakaa juu ya nguzo hizo karibu na mahali ambapo watu watakaa kusubiri huduma. Mengine yote katika suala lako yana nafasi ya mashauriano, lakini hili halina. Tenki lisijazwe, na mnara usipokelewe, hadi majibu yawe mkononi.

Zipo njia halali za kuzitetea fedha, na hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi. Kwanza, nenda saiti na mkandarasi, mkaguzi wa ndani na mjumbe wa kamati ya ujenzi, mpime kila kipengele cha mchanganuo wa gharama, msaini wote vipimo hivyo siku hiyo hiyo, kisha uandae hati ya malipo ya kiasi hicho. Inawezekana ikawa kubwa kuliko mnavyodhani. Kama mkataba unaruhusu kulipia vifaa vilivyofikishwa saiti, basi milango na mabomba yaliyokwisha kununuliwa, yaliyoko stoo na yenye stakabadhi, yanaweza kuingizwa kwa kiwango ambacho mkataba umetaja. Pili, kwa kiasi kinachobaki, Mkurugenzi kama afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, anaweza kuomba kibali cha kuzitumia fedha hizo kama bakaa, yaani salio la mwaka uliopita, katika mwaka mpya wa fedha. Ombi hilo huhitaji sababu za maandishi na ratiba ya kumalizia kazi, nalo hutakiwa kuwasilishwa kabla mwaka haujafungwa, si baada. Mweka hazina wenu anazijua taratibu zake, kwa hiyo kaa naye mapema. Tatu, mkataba ukiruhusu makabidhiano ya sehemu, sehemu iliyokwisha kabisa inaweza kupokelewa peke yake kwa hati inayoitaja sehemu hiyo tu. Ukipendekezewa kwamba fedha zilipwe kama za kazi iliyokwisha lakini zihifadhiwe kwenye akaunti ya amana hadi mkandarasi amalize, kataa. Hati bado itakuwa inasema uongo, na hifadhi hiyo haitaubadilisha kuwa kweli.

Njia hizi mweleze Mkurugenzi ofisini kwake mkiwa wawili, kabla ya kikao chochote cha menejimenti, kwa sababu mkubwa anayepingwa mbele ya walio chini yake huanza kutetea heshima yake na kusahau mradi. Tanguliza njia, kukataa kufuate. Naye amebanwa, maana ana mkoa unaomuuliza asilimia ya matumizi, ana madiwani, na huenda zahanati hiyo iko kwenye orodha ya miradi ya kuzinduliwa na Mwenge wa Uhuru. Mkumbushe kwamba viongozi wa mbio za Mwenge hukagua nyaraka na jengo, na wamewahi kukataa mara nyingi kuzindua miradi yenye kasoro mbele ya umati. Baada ya mazungumzo, andika. Barua isiwe ya kulaumu mtu, na maneno yake yaweza kuwa haya:

"Rejea kichwa cha habari hapo juu. Vipimo vya pamoja vimeonyesha kazi iliyofanyika kama inavyoonekana katika kiambatisho. Milango, mfumo wa maji, kichomea taka na shimo la kondo havijakamilika, na majibu ya siku 28 ya zege la mnara wa tenki hayajatoka. Kwa sababu hiyo, masharti ya mkataba ya kutoa hati ya kukamilika kwa kazi hayajatimizwa. Nawasilisha hati ya malipo ya kazi iliyopimwa, na kushauri ofisi yako iombe kibali cha bakaa kwa kiasi kilichobaki. Niko tayari kuandaa ratiba ya kumalizia kazi kwa ajili ya ombi hilo."

Hapo hujamtuhumu mtu wala hujajipamba kwa uadilifu. Umesema kilichopo, na umejitolea kufanya kazi.

Kwenye swali lako kuna tarakimu ambayo haikuniridhisha nayo ni ile asilimia 85. Imepatikana vipi? Mara nyingi huwa ni fedha zilizotumika zikigawanywa kwa fedha za mradi, kisha ikaandikwa kana kwamba ni kazi iliyofanyika. Kuta na paa humeza fedha nyingi na huonekana haraka, wakati mabomba, umeme, milango na mashimo ya nje humeza fedha kidogo na kuchukua majuma mengi. Ndiyo maana mradi unaweza kusoma asilimia 85 mwezi Aprili na ukabaki hapo hapo hadi Juni huku kila taarifa ya mwezi ikiandikwa kwamba kazi inaendelea vizuri. Uamuzi unaokusumbua sasa ulianza kutengenezwa katika taarifa hizo. Kama mkandarasi aliwapunguza mafundi mwezi Aprili, fundi sanifu wako aliyekuwa saiti alijua. Alikwambia? Kama alikwambia, uliliandika? Na kama hakukwambia, je, ni kwa sababu mara ya mwisho alipoleta habari mbaya alijibiwa kwa ukali? Siulizi ili kukushutumu. Taasisi ya Usimamizi wa Miradi ya kimataifa, PMI, inataja nguzo nne za maadili ya kazi yetu, yaani uwajibikaji, heshima, haki na ukweli, na kwa uzoefu wangu nguzo ya ukweli husimama au kuanguka kutegemea namna kiongozi anavyompokea kijana anayeleta taarifa asiyotaka kuisikia. Mbele ya Mkurugenzi wewe ni wa chini, lakini mbele ya fundi sanifu wewe ndiye Mkurugenzi. Kuanzia mradi ujao, weka kwenye taarifa ya kila mwezi safu mbili tofauti, moja ya fedha zilizotumika na nyingine ya kazi iliyopimwa, na uwe na kipengele cha kudumu cha mambo yanayoweza kutuchelewesha, kitakachojazwa na walioko saiti kwa maneno yao wenyewe.

Kuhusu mchango wa harusi, natambua ugumu wake, kwa kuwa katika jamii yetu kumchangia mtu ni utu, na kuurudisha mchango kunaweza kuonekana kama tusi. Hata hivyo mkandarasi aliyekuchangia ana kazi mezani kwako, na ukisema leo kwamba mchango ule haukukugusa, hakuna mkaguzi atakayekuamini hata kama ni kweli. Andika tamko la mgongano wa maslahi kwa Mkurugenzi, utaje kiasi na tarehe, uombe afisa mwingine aungane nawe katika vipimo vyote vya mradi huu, na umrudishie mkandarasi fedha hiyo kwa njia yenye stakabadhi. Fanya hivyo kabla ya kupeleka ile barua ya vipimo. Ukichelewa, siku utakapokataa kusaini, mtu anaweza kuutoa mchango huo hadharani na kusema kwamba unakataa kwa sababu umedai zaidi ukanyimwa. Na kadi nyingine ya mchango isimfikie mkandarasi yeyote unayemsimamia, hata kama anayeisambaza ni mwenyekiti wa kamati ya sherehe na wewe huna habari. Waambie ndugu zako mapema.

Kuna uwezekano kwamba baada ya yote haya Mkurugenzi atasisitiza, au atamwagiza mtu mwingine asaini. Hapo omba agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo peke yake hulimaliza jambo, kwa maana wengi walio tayari kuagiza kwa mdomo hawako tayari kuliandika agizo lile lile. Tunza nakala za vipimo, picha zenye tarehe na barua zako. Mjulishe mkaguzi wa ndani, ambaye ni mwenzako na ambaye hoja ya ukaguzi ya mwakani itamhusu pia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inatambua kosa la kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri, na hati ya kukamilika kwa kazi ambayo haijakamilika iko karibu sana na kosa hilo, kwa hiyo wasaini wote wajue wanachoingia. Wewe kama mhandisi uliyesajiliwa una pia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yenye mamlaka ya kukufuta kwenye daftari lake, na hiyo ni sababu ya kitaaluma unayoweza kumweleza Mkurugenzi bila kumvunjia heshima. Ukilazimika kutoa taarifa kwa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini hatua hiyo iwe ya mwisho, baada ya kuzimaliza njia za ndani ya ofisi.

Siwezi kukuahidi kwamba hutahamishwa kituo. Watu wamehamishwa kwa madogo kuliko hili, na familia yako ina haki ya kulijua hilo kabla hujaipeleka barua, kwa hiyo zungumza nao nyumbani. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba sahihi hubaki kwenye jalada muda mrefu baada ya aliyeiagiza kuhamia wilaya nyingine, na mkaguzi atakapolifungua jalada hilo atamtafuta aliyesaini.

Kwa hiyo panga wiki yako hivi: leo tamko la mgongano wa maslahi, kesho kikao na mweka hazina kuhusu bakaa, keshokutwa vipimo vya pamoja saiti, na barua imfikie Mkurugenzi kabla ya wiki kuisha, ili ofisi yake ibaki na siku za kutosha za kuandaa ombi kabla ya Juni 30.